Cheni ya chenso kubutuka kabla tangi halijaisha: tuongelee tupa, siyo majina ya kampuni

#1 Tupa Duara

Wakuu salaam.

Kila baada ya siku chache anaibuka mtu kuuliza cheni ipi ya chenso ni ngumu na inakaa na makali, na majibu yanageuka ligi ya majina ya kampuni. Mimi nipo Mufindi, kazi yangu ni paini na milingoti, na naona swali lenyewe limekaa kombo. Cheni yoyote ya kueleweka inakata vizuri ikitoka kwenye boksi. Tofauti inakuja baadaye, kwenye tupa. Pale Mafinga zinatupwa cheni ambazo jino limebaki nusu nzima, eti zimechoka.

Jino la cheni ni vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Nyuma kuna mkataji wenyewe: bapa la juu, ubavu, na kona vinapokutana. Kona ndiyo inayotangulia kuingia kwenye mti. Igeuzie jua uitazame kwa mbele: ukiona kistari cheupe kinachometa, hapo hakuna makali, hata kama ukigusa kwa kidole unahisi panakwaruza. Makali ya kweli hayameti, mwanga haupati pa kutua.

Mbele ya mkataji kuna kinundu. Hicho hakikati chochote, kazi yake ni kuamua jino lizame kiasi gani. Bapa la juu limetengenezwa likiteremka kuelekea nyuma, kwa hiyo kila ukinoa, jino linarudi nyuma na linashuka kidogo, lakini kinundu kinabaki palepale. Ukiendelea hivyo bila kukigusa, kinalingana kimo na jino, na cheni kali inateleza juu ya gogo bila kuzama. Hapo ndipo mtu anaanza kuikandamiza mashine kwa magoti, baa (ule upanga wa chuma unaobeba cheni) inaungua, injini inapata moto, na lawama inaenda kwa aliyeuza cheni.

Sasa tupa. Saizi ya cheni inatajwa kwa inchi, ya tupa kwa milimita. Cheni ndogo ya 3/8, ya zile chenso za nyumbani, inataka tupa ya duara ya milimita 4.0. Cheni ya .325 inataka 4.8. Ya 3/8 kubwa, kampuni ya Stihl wanasema 5.2, na kampuni ya Oregon kwa cheni zao nyingi za saizi hiyo wanasema 5.5. Ya .404, iliyopo kwenye mashine kubwa kama Stihl 070, ni 5.5. Usikubali muuzaji akuambie "tupa ni tupa".

Ukishapata saizi, kuna jambo moja ambalo kwangu ndilo linaloamua makali yadumu au yasidumu: kimo cha tupa. Ikiwa imelala ndani ya jino, moja ya tano ya unene wake ionekane juu ya bapa. Ukiizamisha zaidi ya hapo, unachimba chini ya bapa na jino linakuwa kama ndoano, makali membamba mno. Litakata kwa fujo kwa dakika chache, kisha linakunjika na kubutuka. Ukiipandisha sana, makali yanalala nyuma, jino linasugua badala ya kung'ata. Tupa nyembamba kuliko inavyotakiwa inaleta kosa lilelile la ndoano. Watu wengi wanaolalamika kwamba cheni "haikai" wana jino la ndoano, ndiyo maana siku ya kunoa wanafurahi na baada ya chakula cha mchana wanalia.

Pembe ni nyuzi 30 kwa kukata gogo kwa kukingama. Kwenye cheni nyingi kuna mstari umechorwa nyuma ya bapa, ufuate. Zima mashine, funga breki ya cheni, vaa glavu. Hakuna jiriwa porini? Kata mfereji mwembamba kwenye kisiki, chomeka baa humo, itatulia. Tupa inasukumwa kutoka ndani ya jino kwenda nje, na inafanya kazi ikienda tu. Ukirudi, inua. Maliza meno yote ya upande mmoja ndipo ugeuke. Anza na jino lililoumia kuliko yote, kwa sababu ndilo litakaloamua mengine yafupishwe kiasi gani.

Na usingoje libutuke. Mimi ninapojaza mafuta napitisha tupa mara mbili au tatu kila jino, basi. Jino lililopoteza makali kidogo linataka hizo mbili. Lililoachwa hadi likaviringika linataka kumi na tano, na chuma chote hicho ni maisha ya cheni yako.

Karibuni wadau.

#2 kijana_wa_makambako

Mkuu umeupiga mwingi. Nipo siti ya mbele kabisa.

Swali: naambiwa cheni kali inatoa maranda na butu inatoa unga. Mimi napasua mbao na ile fremu ya kufunga kwenye baa. Hata cheni ikiwa mpya kabisa inatoa unga laini. Nimeuziwa feki?

#3 Tupa Duara

Hapana, hujauziwa feki. Ile kanuni ya maranda ni ya kukata kwa kukingama. Ukiwa na fremu, jino linakutana na nyuzi za mti kwa kichwa mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo unga ni halali yako. Anayepasua kwa mkono huku baa imelala kufuata nyuzi, huyo anapata nyuzi ndefu kama tambi hadi zinaziba kifuniko cha spoketi.

Kwa fremu badilisha pembe. Shusha kutoka 30 hadi 10. Kwa kukingama utakata polepole, ila kwa kupasua cheni inatulia, uso wa ubao unatoka laini na makali yanakaa zaidi. Tenga cheni yako ya kupasua na ya kukatia, usizichanganye, maana kuhamisha pembe kutoka 30 kwenda 10 na kurudi ni kula chuma bure.

#4 Mzee wa Kericho

Salamu kutoka Kenya. Huku sisi tunaita pawasoo, na kazi kubwa ni mikaratusi, kuni za viwanda vya majani chai. Hapa karibu hakuna mtu ananoa na file ya mkono. Unapeleka cheni kwa jamaa wa grinder sokoni, dakika tano umerudishiwa ikimeta. Shida ni kwamba haikai. Na nikijaribu kuipitisha file baadaye, kuna meno file inateleza tu kama kwenye kioo. Nilidhani file zangu ni mbovu.

#5 Tupa Duara

Mzee shikamoo. File zako hazina kosa.

Huyo jamaa anabonyeza jiwe kwa nguvu na kwa muda mrefu. Tazama ncha za meno: ukiona rangi ya buluu au kahawia iliyoiva, chuma kimeungua. Joto la namna hiyo linaharibu ugumu aliouweka kiwanda. Sehemu nyingine inalegea na kubutuka haraka, nyingine inageuka ngumu ya kuvunjikavunjika, na hapo ndipo tupa inateleza. Dawa ni kuliondoa lote lile lililoungua, yaani jino linafupika kwa kosa la sekunde.

Simsemi vibaya mwenye mashine ya kunolea cheni anayeijua. Anagusa kidogo, anaachia, anagusa tena, na amepanga pembe vizuri. Cheni iliyopiga jiwe au msumari, nami naweza kuipeleka huko. Lakini grenda ya mkononi, ile ya kukatia nondo, isikaribie cheni yako hata kwa dawa.

Halafu kuna jambo la kromu. Nje ya bapa na ubavu wa jino kuna utando mwembamba wa kromu, na huo ndio mgumu, ndio unaoshika makali. Chuma cha ndani ni laini kwa makusudi ili tupa ikiweze. Jino likila mchanga, kromu inabanduka ukingoni. Ukinoa hadi jino likaonekana kali lakini hujafika kwenye kromu nzima, umetia makali kwenye chuma laini. Haikai hata ufanye nini. Endelea kunoa hadi ule ukingo uliobanduka uishe.

#6 Bint Kilifi

Mimi nina swali la pwani. Baba yangu hukata minazi mizee isiyozaa na kuipasua kwa mapaa na madawati. Mnazi unamaliza cheni kuliko mti wowote. Na mashamba yetu ni mchanga mtupu. Hiyo tupa ya moja ya tano itasaidia nini hapo?

#7 Tupa Duara

Dada, hapo una adui wawili.

Mchanga ni adui wa kwanza, na tupa haina uwezo wa kushindana nao. Cheni ikigusa ardhi mara moja tu ikiwa inazunguka, imekwisha, nenda kanoe. Inua gogo kwa vipande vya mti kabla ya kukata. Kama haliinuki, kata kutoka juu robo tatu, ligeuze, malizia. Gogo lililoburutwa limejaza mchanga kwenye gome, kwa hiyo libandue gome kwa panga pale unapotaka kupitisha baa. Ni dakika moja ya panga dhidi ya nusu saa ya tupa.

Mnazi wenyewe ndio wa pili. Ganda lake la nje ni gumu kuliko ndani na linakwaruza chuma vibaya. Kwa baba yako ningemshauri cheni ya kona ya mviringo. Kuna cheni zenye kona kali ya mraba, zinakimbia sana kwenye paini safi lakini zikikutana na uchafu zinakufa mara moja. Za kona ya mviringo zinakwenda taratibu kidogo lakini zinavumilia. Kwa Stihl herufi RS ni ya mraba, RM ni ya mviringo. Zipo pia zenye meno ya kabaidi, wao wanaandika RD, hizo zinadumu kweli kwenye uchafu, ila tupa ya kawaida haizinoi, zinataka jiwe la almasi. Kama fundi wa kunoa yuko mbali, achana nazo.

#8 Bint Kilifi

Asante sana kaka. Nitamwambia, ingawa kumwambia baba abandue gome la mnazi kwa panga ni kutafuta vita.

#9 Fundi Baa

Nimesoma hadi hapa na hakuna aliyegusa oili. Wengi humu wanaweka oili chafu, ile iliyomwagwa kwenye Fuso, kwa sababu ni ya bure. Kwenye gereji yangu naletewa baa zimelika mfereji na cheni zimelegea viungo, naangalia tangi la oili: nyeusi kama lami.

Oili chafu imebeba chembe za chuma za injini ya watu. Unazipaka kwenye viungo vya cheni yako. Na inarukia mikono na uso wa mkataji siku nzima, wakati watengenezaji wenyewe wanaandika kwenye vitabu vyao kwamba oili iliyotumika ikikaa kwenye ngozi muda mrefu inaweza kuleta saratani. Ukikosa oili maalumu ya cheni, nunua oili safi ya injini namba 30, au 40 kwa sehemu za joto. Mafuta ya kula yanafanya kazi pia, mradi usiiache mashine imekaa wiki nyingi, yanaganda na kunata.

Kuijua kama oili inafika: elekeza ncha ya baa kwenye kisiki kilichokatwa karibuni au karatasi nyeupe, vuta mafuta hadi nusu. Utaona mstari mwembamba wa matone. Usipouona, fungua kifuniko, safisha mfereji wa baa na kile kitundu cha oili. Huwa kimejaa unga ulioshikamana.

Cheni kavu inapata joto, inarefuka, inalegea, halafu mtu anaikaza ikiwa ya moto. Ikipoa inajivuta na kuubana mhimili wa injini na beringi. Ukimaliza kazi, ilegeze.

#10 Paini Kavu

@Tupa Duara mkuu napingana na wewe kidogo. Umesema anza na jino lililoumia, mengine yafupishwe yalingane nalo. Kwa cheni ya baa ndefu, jino moja likipiga msumari nifupishe meno thelathini na kitu kwa ajili yake? Mimi nalinoa lile bovu, nakishusha kinundu chake kwa kulipima lenyewe, naendelea na kazi. Na inakata.

#11 Tupa Duara

Haya, hapo umenibana, na sitabisha sana. Kinachoamua jino linazama kiasi gani ni tofauti ya kimo kati yake na kinundu chake, siyo urefu wake ukilinganisha na majirani. Jino fupi lenye kinundu kilichopimwa sawasawa linafanya kazi. Moja au mawili, acha hivyo, yatalingana yenyewe kadiri unavyonoa.

Nilichokuwa naogopa ni upande mzima kuwa mfupi. Wengi wetu mkono wa kulia ndio wenye nguvu, kwa hiyo kuna upande tunaunoa vizuri na upande tunaupapasa. Meno ya kushoto yakiwa marefu na makali kuliko ya kulia, mkato unapinda kwenda kushoto. Ukiona hivyo, hesabu mikwaruzo sawa pande zote, kisha upande dhaifu uongeze.

Na kwa kuwa umetaja kinundu, wacha nimalizie maana nilikipita juujuu. Kwa cheni za .325 na 3/8 tofauti inayotakiwa ni kama milimita 0.65. Kwa .404 ni 0.8. Kuna kibao cha kupimia, kinauzwa pamoja na tupa, unakilaza juu ya cheni, kinundu kikichomoza kwenye upenyo unakisugua kwa tupa bapa hadi kilingane. Kisha viringisha bega lake la mbele, lisibaki na kona. Pima kila ukishanoa mara tatu hadi tano.

Tafadhali wakuu msikishushe kwa macho. Kuna wanaokisaga makusudi ili mashine "ile". Inakula kweli, inarukaruka, inavuta mikono, na hatari ya baa kurudi usoni inapanda. Klachi na cheni nazo zinalipa.

#12 kijana_wa_makambako

Kwa nini lakini meno yapo kushoto kulia kushoto kulia?

#13 Mwalimu wa Zamu

Hiyo ina kisa. Cheni za zamani zilikuwa na meno ya kukwaruza kama msumeno wa mkono, na kuzinoa ilikuwa adhabu. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani, Joseph Cox, alimwona kiluwiluwi wa mbawakawa akila kisiki. Taya zake zilikuwa zinakula kwenda kushoto na kulia, akipita kwenye mti kokote atakako, kufuata nyuzi au kuzikata. Cox akaiga taya zile kwa chuma, na mwaka 1947 akaanza kuuza cheni yake mjini Portland. Ndiyo mwanzo wa kampuni ya Oregon, na umbo hilo ndilo hadi leo lipo karibu kwenye kila chenso.

#14 Mzee wa Kericho

Kumbe tunanoa meno ya mdudu.

#15 Mkata Mvule

Mimi nitoe tahadhari kwa wanaokata mvule. Ndani yake kunakuwa na mawe, mawe kabisa, chokaa iliyoganda ndani ya mti, mara nyingi pale mti ulipojeruhiwa zamani. Nje huoni kitu. Unakata vizuri, ghafla cheni inalia na cheche zinatoka. Beba cheni za akiba zilizonolewa, usitegemee kunoa palepale, na unga wake ni mkali kwa pua na ngozi, funga barakoa.

Cheni za akiba zina faida nyingine. Ukizungusha cheni mbili au tatu kwenye spoketi moja, zinachakaa pamoja. Cheni mpya kwenye spoketi iliyolika inaharibiwa na spoketi.

#16 Paini Kavu

Nimerudi. Nimefanya yote: pande zote sawa, vinundu nimepima, jino linang'ata. Bado mkato unapinda kwenda kulia. Kwenye gogo nene natoka na umbo la ndizi. Cheni ni nzima, nimeitazama jino kwa jino.

#17 Fundi Baa

Basi acha cheni, tazama baa.

Chukua rula ya chuma, ibandike ubavuni mwa baa huku ikigusa na ubavu wa jino moja. Kati ya rula na baa panatakiwa pabaki upenyo mdogo. Kama cheni inalala na upenyo unapotea, mfereji umepanuka, cheni inacheza humo. Hiyo baa ni ya kubadilisha. Kama upenyo upo, simamisha baa kwa reli zake juu ya kioo au meza iliyonyooka, weka skwea pembeni. Ikiegemea upande, reli moja imelika kuliko nyingine, na ndiyo inayokupeleka kulia. Iweke kwenye jiriwa, pitisha tupa bapa kwa urefu wote hadi reli zilingane na ziwe mraba na ubavu, ondoa na ule ukingo mkali uliojitokeza nje. Halafu kuanzia leo igeuze baa juu chini kila unapobadilisha au kunoa cheni, kwa sababu upande wa chini ndio unaolika zaidi.

#18 Paini Kavu

Skwea imeonyesha. Reli ya kulia iko chini, na kwa macho nilikuwa sioni kabisa. Naanza kusugua kesho asubuhi, nikikwama kwenye mfereji nitaweka picha.